Jino Moja la Sproketi

Masika yakikolea, mteremko wowote wa Madale, Dar es Salaam, usio na lami hugeuka uwanja wa mashindano yasiyo na refa. Dereva wa bodaboda huingiza gia ya kwanza, abiria hung'ang'ania keria, na wote wawili humwomba Mungu mguu usiguse tope. Ulaya mchezo huu una jina, una waamuzi, tena una vikombe. Huitwa trials. Ndani yake mwendo si kitu. Kinachohesabiwa ni mguu. Anayekanyaga chini huandikiwa pointi, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mashindano ya Siku Sita ya Scotland yalianza 1909, na mwaka 1965 Sammy Miller wa Ireland ya Kaskazini aliyashinda akiwa juu ya Bultaco, pikipiki nyepesi kutoka Hispania iliyoziaibisha pikipiki nzito za Waingereza.

Bultaco huku haipo. Hata hivyo, fundi aliyekaa chini ya mwembe Madale angeweza kuongea na fundi wa Miller bila mkalimani, kwa sababu wote wawili huanzia sehemu moja: sproketi ya mbele.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mbele kukiwa na meno 15 na nyuma 42, sproketi ya mbele huzunguka mara 2.8 ili gurudumu lizunguke mara moja. Toa jino moja mbele, weka ya meno 14, na hiyo 2.8 inakuwa 3. Ukitaka kufika hapohapo kwa kubadilisha ya nyuma, utahitaji meno 45. Kwa hiyo jino moja la mbele lina kazi ya matatu ya nyuma, na ya mbele ndiyo ndogo na rahisi zaidi. Fundi hatakuandikia haya popote. Atasema tu kwamba pikipiki "itavuta" kilimani, lakini ukifika Barabara ya Bagamoyo italia na wenzako watakupita. Anayelala Madale na kutafuta abiria Tegeta hana budi kuchagua kati ya kilima na lami.

Mapambano haya ya pikipiki na tope yana historia ndefu kuliko kijiwe chochote cha bodaboda. Pikipiki za jeshi zilifika nchini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: mwaka 1916 kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini kiliingia Afrika ya Mashariki ya Kijerumani pamoja na majeshi ya Jenerali Jan Smuts. Mvua na matope viliwasumbua askari wale kama vinavyowasumbua madereva wa leo, na mizigo mingi ya vita ile ilibebwa na binadamu, si na mashine. Wapagazi hao wa Carrier Corps ndio walioiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo. Baada ya miaka mia moja na ushei, Kariakoo na jirani yake Gerezani ndiko cheni, ringi na plagi za mji mzima hutokea. Mtaa wenye jina la watu waliobeba mizigo kichwani sasa unauza vyuma vya kubebea mizigo.

Kwa miongo kadhaa baada ya uhuru pikipiki haikuwa chombo cha biashara. Ilikuwa ya bwana shamba, ya padri, ya mganga wa wilaya, na mara nyingi ilikuwa Honda au Yamaha ya mradi. Ikiharibika, shida haikuwa fundi. Shida ilikuwa kile chuma cha kuweka. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na mwaka 1983 ilipokuja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, hata mwenye maboksi mawili ya bidhaa stoo alikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Mafundi wa kipindi hicho walijifunza kuchonga bushi, kufufua breki kwa kugandisha ngozi mpya, na kuinyonyoa pikipiki moja iliyokufa ili tatu ziishi. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao kuagiza bidhaa kutoka nje, na mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyebandikwa jina la Mzee Ruksa. Rafu za spea zikaanza kujaa taratibu.

Wakati huohuo, mbali na hapa, Honda ilikuwa imefanya jambo ambalo Madale ingelifaidi bila kulijua. Mwaka 1976 ilitoa CG125, pikipiki iliyosanifiwa kwa nchi ambako mwenye chombo huchelewa kumwaga oili na humkumbuka fundi mambo yakishaharibika. Wahandisi hawakuweka cheni ya taimingi ndani ya injini, wakaweka fimbo za kusukuma vali, teknolojia ambayo wengi waliiona imezeeka. Cheni ya nje wakaifunika mwanzo hadi mwisho isile mchanga. Ilikuwa injini isiyo na majivuno, na ndiyo maana ilidumu.

Wachina waliipenda. Pikipiki zilizomiminika Tanzania katika miaka ya 2000, SanLG zikiwa mstari wa mbele, na nyuma yake T-Better, Fekon na Toyo (jina ambalo Arusha lilikuja kuwa jina la bodaboda zote), nyingi zilibeba injini iliyofuata mchoro huohuo wa fimbo. Mtaani zikaitwa Mchina, kwa dharau kidogo. Dharau hiyo haikuwa ya haki. Aliyezoea kufungua CG125 aliweza kufungua Mchina akiwa amefumba macho, na spea nyingi za huku zilikaa kule. Bei ya pikipiki ilishuka, ujuzi ukabaki uleule. Bila ndoa hiyo ya mchoro wa Kijapani na kiwanda cha Kichina, biashara ya bodaboda isingeenea kwa kasi ile.

Neno bodaboda lenyewe lilitoka kwa majirani. Ni baiskeli za Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, zilizowavusha watu kutoka boda hadi boda tangu miaka ya 1960. Pikipiki zikarithi kazi hiyo, na Kenya ikafuta kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Tanzania, kwa kanuni za 2010, ikazipa pikipiki na bajaji leseni ya kubeba abiria, zikawa chini ya SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati huo, ambayo baadaye ilirithiwa na LATRA.

Bodaboda zilikuja wakati mji ukitanuka. Sensa ya 2002 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu milioni 2.5, ya 2012 ikahesabu milioni 4.36; ya 2022 milioni 5.38. Watu walipanda kutoka Tegeta, wakakipita kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilichoanza uzalishaji 1966, wakajenga Madale, Mivumoni na Goba. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia kutoka Bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, jirani tu na hapo. Nyumba zilitangulia, barabara ikafuata kwa kuchechemea. Katikati ya hivyo viwili ndipo dereva wa bodaboda alipopata riziki yake, na fundi akapata yake kutoka kwa dereva.

Sasa soko lina washindani wengine: Boxer ya Bajaj na TVS, zote za India. Boxer ina cheni ya taimingi ambayo CG iliikwepa, kwa hiyo fundi wa fimbo alilazimika kurudi shule, hata kama shule yenyewe ni jiwe la pembeni ambapo mwenzake anafungua injini. Ukiuliza kwa nini dereva kachagua Boxer badala ya Mchina, utatajiwa mafuta kidogo na nguvu ya kupanda. Subiri kidogo, utasikia sababu halisi: spea zake zipo kila kona, na ukitaka kuiuza haikai. Wasomi wa magari hulinganisha injini. Madale hulinganisha maduka.

Na si kila dereva hununua spea kwa jicho moja. Anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, pikipiki ikiwa si yake, huridhika na cheni itakayomfikisha mwisho wa mwezi. Aliye kwenye mkataba, ambaye akimaliza malipo chombo kinakuwa mali yake, hubadilika kadiri siku zinavyokaribia: ghafla anaulizia orijino, anamwaga oili kabla ya muda, anakataa kuazimisha. Fundi mzoefu hukisia mkataba umebaki miezi mingapi kwa kuangalia tu breki.

Feki ndiyo donda. Tume ya Ushindani, iliyozaliwa na sheria ya 2003, hukamata bidhaa bandia kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, lakini boksi lenye nembo nzuri hupita kirahisi. Mafundi wana vipimo vyao. Jino la sproketi hupitishiwa tupa: likilika kama sabuni, rudisha. Cheni hushikwa mlalo hewani. Ikiinama sana kwa upande, pini zake ni legevu kabla ya kufungwa. Pistoni husomwa kichwani, standadi au 0.25, 0.50, 0.75 hadi milimita 1.00, kwa sababu bloku iliyokwishachongwa haimsamehe anayekisia.

Kosa moja la Madale halihitaji feki. Ni ile tabia ya kumwagia cheni oili chafu iliyotoka kwenye injini. Cheni hung'aa asubuhi, mchana mchanga umeganda juu yake, na jioni inasaga sproketi kama msasa. Pikipiki nyingi za sasa hazina lile boksi refu la CG lililoifunika cheni yote. Waliolifungua ili kupunguza kelele za bati walifungua na kinga.

Ukienda dukani Tegeta au Kariakoo, usitaje jina la pikipiki peke yake, maana aina moja huweza kuwa na sproketi zaidi ya moja. Hesabu meno kabla ya kutoka nyumbani, futa grisi, kifunge kile chuma kibovu kwenye gazeti ukibebe. Muuzaji atauliza swali moja tu: "Sampo iko wapi, kaka?"