Utando wa mafuta kwenye modeli za ndege: chanzo chake na namna ya kuuondoa

Utando wa mafuta ni ute mwembamba, wenye kunata kidogo, unaojitokeza juu ya modeli za ndege za madini ambazo wakusanyaji huziweka kabatini kama kumbukumbu. Aghalabu mwenye modeli huugundua anapoishika na kuona vidole vyake vinang'aa, au anapofungua sanduku lililokaa miaka kadhaa na kukuta matone chini ya magurudumu. Wengi hudhani kwamba madini yenyewe ndiyo yanayotoa mafuta. Sivyo.

Modeli hizi hutengenezwa kwa kusukuma aloi ya zinki iliyoyeyushwa, yenye takriban asilimia 4 ya aluminiamu, ndani ya kalibu ya feleji. Ikishaganda hupakwa rangi na kuchapwa nembo ya shirika. Kwa kipimo cha 1:400, Boeing 787-8 ya mita 56.7, mfano wa zile ambazo Kenya Airways ilianza kupokea mwaka wa 2014, huwa na urefu wa sentimita 14 hivi. Zinki iliyoganda haina mafuta ya kutoa.

Chanzo kikuu ni plastiki laini iliyo karibu nayo: magurudumu, mfuko wa kufungia, au sponji ya sandukuni. Plastiki ya PVC kwa asili yake ni ngumu. Ili inyumbulike, watengenezaji huichanganya na vilainishi vya majimaji, hasa ftaleti. Vilainishi hivyo havikufungamana na plastiki kikemia, na kwa hiyo miaka inavyopita huchuruzika polepole hadi juu ya chochote kinachoigusa. Hata rangi na vipande vya plastiki ngumu huweza kulainika na kugandamana na mpira.

Joto huharakisha mwendo huo, na hapa ndipo mkaazi wa Chale, Gazi au Msambweni anapokuwa na tatizo kubwa kuliko mkusanyaji wa London. Kisiwa cha Chale, kusini mwa Diani, hakina majira ya baridi ya kuipumzisha plastiki, na joto la Februari na Machi ni kali. Zaidi ya hayo, upepo wa baharini huleta chumvi. Utando ukishanata, hunasa chumvi na vumbi pamoja, na chumvi ikipenya palipochubuka rangi, zinki huota unga mweupe. Moshi wa kukaangia viazi na mahamri nao huacha mafuta yake. Kabati lililo karibu na jikoni halifai.

Kabla ya kusafisha, ni vyema kutambua ugonjwa. Utando ulio chini ya magurudumu tu umetoka kwenye mpira. Ulioenea mwili mzima umetoka kwenye mfuko au sponji. Lakini modeli iliyovimba na kupasuka nyufa haina shida ya mafuta. Hiyo ni aloi iliyochafuliwa na risasi, kasoro inayojulikana sana katika modeli za miaka ya 1930, nayo haina tiba.

Usafishaji wenyewe ni mwepesi. Tone la sabuni ya vyombo katika maji ya uvuguvugu, brashi laini na kitambaa cha kufutia miwani hutosha. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua, kwani visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Petroli, spiriti, asetoni na tina ya rangi ziepukwe kabisa: huondoa mafuta, ni kweli, na nembo pia. Modeli ikaushwe vizuri, hasa kwenye maungio, kabla ya kurudishwa kabatini.

Mikono nayo ioshwe. Mwaka wa 2005 Umoja wa Ulaya ulizuia baadhi ya ftaleti katika vitu vya watoto vya kuchezea, lakini modeli za wakusanyaji hazikukusudiwa watoto, na nyingine ni za zamani kuliko sheria hiyo.

Mgogoro wa kweli uko kwenye sanduku. Mnunuzi hulipa zaidi kwa modeli iliyo na sanduku lake la asili, hasa ikiwa na rangi za shirika lililokufa, kama East African Airways iliyoanzishwa mwaka wa 1946 na kusambaratika mwaka wa 1977. Ilhali mara nyingi mfuko na sponji za sanduku hilo ndizo zinazoiharibu. Kulitupa ni hasara. Kuirudisha modeli ndani ni kuurudisha utando. Njia iliyo salama ni kuvitenganisha: sanduku na vifuko vyake liwekwe peke yake, na modeli izungushiwe karatasi nyeupe isiyo na asidi, magurudumu yasiguse plastiki yoyote, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Utando ukirudi baada ya wiki kadhaa, mpira wa magurudumu ungali unachuruzika, na itabidi kufuta tena.