Jabali Lililookoa Watu Kumi na Mmoja

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwasimulia habari za jabali moja lisimamalo peke yake baharini, mbali sana huko Uskoti. Jina lake ni Stac an Armin, nalo lipo katika visiwa vya St Kilda, yapata maili 40 magharibi ya visiwa vingine vya nchi ile.

Majabali ya namna hii yapo katika pwani nyingi za dunia. Mawimbi hupiga ukingo wa mwamba usiku na mchana, yakiingia penye nyufa. Ufa huwa pango. Pango likitoboka upande wa pili huwa tao. Na tao likianguka, hubaki nguzo iliyotengwa na nchi kavu. Nguzo hii ina kimo cha futi 643, wala hapana nyingine iipitayo katika bahari za Uingereza. Ndege weupe hutua juu yake kwa maelfu, hata atazamaye kwa mbali hudhani kwamba imepakwa chokaa.

Wageni husifu uzuri wake, lakini kwa wenyeji wa Hirta, kisiwa kikubwa cha hapo, jabali hilo lilikuwa ghala. Walikula nyama na mayai ya ndege, na kwa manyoya yao walilipa kodi.

Mwezi wa Agosti mwaka 1727, wanaume 3 na wavulana 8 walipelekwa huko kwa mashua ili wawinde. Walitazamia kurudishwa upesi. Siku zikapita, miezi ikapita, mashua isije. Majira ya baridi yakaingia pamoja na dhoruba zake, nao hawakuwa na makao ila kibanda kidogo cha mawe. Bila shaka walijiuliza: Je, ndugu zetu wametusahau?

La, hawakusahauliwa. Ugonjwa wa ndui ulikuwa umeingia Hirta. Yasemekana uliletwa na nguo za mtu wao aliyefia kisiwa kingine. Watu wengi walikufa, na waliosalia hawakutosha kuiendesha mashua. Hata mwezi wa Mei mwaka 1728 ndipo alipofika msimamizi wa mwenye visiwa, akawachukua wale kumi na mmoja, wote wakiwa hai. Walirudi nyumbani wakakuta nyumba tupu, na mayatima wakiwangoja.

Tufikiri jambo hili. Kama mashua ingalikuja kwa wakati wake, wengi wao wangaliingia katika ndui pamoja na jamaa zao. Jabali walilolidhania kuwa gereza ndilo lililowatenga na mauti. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba walirudi kwa furaha tu, maana walioponea jabalini ndio waliokuta makaburi.

Kijiji kile kilijengeka tena, lakini maisha yakazidi kuwa magumu, na tarehe 29 Agosti 1930 watu 36 waliosalia walihamishwa kwa ombi lao wenyewe. Nayo ndui ilitangazwa mwaka 1980 kuwa imekwisha duniani. Stac an Armin ingali imesimama, na ndege wangali wakitaga. Mawimbi nayo hayajaacha kuipiga. Siku moja itaanguka kama lilivyoanguka tao. Basi habari ya wale kumi na mmoja tuihifadhi sisi.