Foleni ya Mmojammoja

Kwenye bustani kubwa za burudani za Marekani na Ulaya, mtambo unaopendwa sana mara nyingi huwa na foleni mbili. Ya kwanza ni ndefu: hapo hujipanga familia na marafiki waliokuja pamoja na wanaotaka kuketi pamoja. Ya pili ni fupi, na wanaosimama humo ni watu walio radhi kuketi popote patakapobaki kiti, bega kwa bega na wasiowajua. Kiingereza humwita anayepanga foleni hiyo fupi "single rider". Ukimwomba Mswahili aitafsiri istilahi hiyo papo hapo, yatakayomjia kwanza ni "mpanda pekee", "anayepanda peke yake", pengine hata "abiria mpweke". Maoni yangu ni kwamba yote matatu yanapotosha, kwa sababu yanataja hali ya mtu ilhali istilahi yenyewe inataja hesabu ya viti. Neno linalofaa tunalo tayari, na mahali pa kulisikia likifanya kazi hiyo hiyo si mbali: ni kwenye steji za matatu zinazohudumia mitaa ya Eastlands, Nairobi.

Tuanze na kazi ya foleni yenyewe. Chukua treni ya starehe, ile inayopanda na kuporomoka kwenye reli za juu, yenye safu sita za viti vinne. Ina viti 24. Ikitokea kila safu imekaliwa na kundi la watu watatu ambao hawataki kutenganishwa, treni itaondoka na watu 18, na viti sita vitapaa angani vikiwa vitupu. Kwa safari 30 kwa saa moja, hivyo ni viti 180 vilivyopotea, huku watu wakichomwa na jua kwenye foleni. Mhudumu anayepanga watu mlangoni hutatua tatizo hilo kwa kuita mtu mmoja kutoka foleni fupi kila anapoona pengo. Mtu huyo hapewi nafasi ya kuchagua safu, na katika bustani nyingi hupitishwa njia isiyo na mapambo na maonyesho yanayowaburudisha wanaongoja kwenye foleni ndefu. Malipo yake ni kwamba aghalabu hangoji sana. La kuzingatia hapa ni kwamba hakuna anayemuuliza amekuja na nani. Baba na wanawe wawili wanaweza kuingia foleni hiyo wote watatu, mradi wakubali kutawanywa, na hukubali mara nyingi ili waokoe muda. Kwa hiyo "single rider" si lazima awe amekuja peke yake, na akishaketi hayuko peke yake hata kidogo, kwa kuwa kiti chake ndicho kinachoikamilisha safu.

Ukishalijua hilo, "mpanda pekee" linaanguka lenyewe. "Pekee" katika Kiswahili ni la yule asiye na wa pili wake: mwana pekee, shahidi pekee, manusura pekee wa ajali. Ukisema "abiria pekee", msikilizaji ataona gari tupu lenye mtu mmoja ndani, kinyume kabisa cha gari lililojaa kwa sababu mtu huyo amepanda. "Peke yake" nalo lina kasoro ya kisarufi inayolifanya liwe gumu kubandikwa kwenye kibao: hubadilika kwa kila nafsi. Ni peke yangu, peke yako, peke yake, peke yao. Kibao kiandikwe foleni ya peke ya nani? Istilahi inayomlazimu mwandishi aamue kwanza anasema na nani haiwezi kuzaa maneno mengine kwa urahisi. Na "mpweke" ndilo baya kuliko yote. Upweke ni hali ya moyo. Mtu anaweza kuwa mpweke katikati ya harusi, na anaweza kupanda treni ya starehe bila mwenzake akiwa na furaha tele. Kumwita mpweke kwa kuwa tu amekubali kiti kilichobaki ni kumtilia huzuni asiyokuwa nayo.

Sasa twende steji. Saa ambazo si za msongamano, matatu ya Eastlands haiondoki mjini mpaka ijae, na kipindi kigumu ni kile cha viti vya mwisho. Abiria wawili wawili wamekwisha kukaa, waliokuja peke yao wamechagua dirisha, na vilivyobaki ni viti vilivyotawanyika, kimoja hapa kimoja kule. Makanga, yaani kondakta, amening'inia mlangoni, mkono mmoja umeshika bomba, wa pili umeinuliwa na kidole kimoja juu: "Buru hamsini! Bado mmoja! Mmoja wa mwisho tuende!" Wakija marafiki wawili atawaambia kwamba mmoja akae mbele, wa pili nyuma. Hiyo ndiyo kazi ya mhudumu wa bustani ya burudani, na istilahi aliyoichagua makanga ni nambari. Hasemi "bado mpweke", wala hasemi "bado mtu pekee". Anahesabu kiti, na aliye tayari kuhesabiwa hivyo anapanda.

Hesabu hiyo haikuwa kali hivi siku zote. Katika miaka iliyotangulia 2004, gari la abiria 14 liliweza kubeba 18 au zaidi, wengine wakiwa wamekalia ubao wa sambaza uliolazwa kati ya viti. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizotangazwa kwa Ilani ya Kisheria nambari 161 ya 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano, na kanuni kwamba kila abiria awe na kiti chake. Wapo wanaozivunja hadi leo, hasa jioni mvua ikinyesha. Lakini pale kanuni inapofuatwa, "mmoja" ni kiti kimoja na mtu mmoja, wala si nafasi ya kusongeana. Hapo ndipo neno la kawaida lilipopata ukali wa istilahi: lina mpaka unaojulikana na pande zote mbili, anayeita na anayeitwa.

Kuna sababu nyingine ya kuitafuta istilahi hii Eastlands. Watu wa mitaa hii wana magari ambayo hupandwa kwa starehe na siyo kwa safari tu. Nganya, yaani matatu iliyopambwa, ya Umoja Innercore (Umoinner) au ya Buruburu, njia namba 58, ni kiwanda cha burudani kinachotembea: mchoro wa rangi ubavuni wa mwanamuziki au mchezaji mpira, skrini ndani, taa za rangi kwenye dari, besi inayotetemesha kifua. Kijana huacha magari kadhaa yapite akiingoja moja anayoijua kwa jina. Gari jipya likitoka karakana, mashabiki hukusanyika kulipokea, simu juu, na wengi wao huja bila mwenzao kwa kuwa rafiki zao wa darasani au kazini hawaoni la ajabu katika basi lililopakwa rangi. Mkutano wa namna hii ndio ndugu wa karibu wa mikutano ya wapenzi wa treni za starehe. Huko Marekani chama chao kinachojulikana zaidi, American Coaster Enthusiasts, kilianzishwa mwaka 1978. Wanachama hukutana katika bustani mbalimbali, na mara nyingine hufunguliwa mtambo saa moja au mbili kabla ya umma kuingia, wapande wao tu. Huko nako wapo wanaofika bila mke, bila rafiki, bila ndugu, na jioni wanaondoka wakiwa wamepanda na watu kumi tofauti.

Napendekeza basi tuseme "foleni ya mmojammoja", na anayeipanga awe "abiria wa mmojammoja". Kuliandika kama neno moja kunaonyesha kwamba ni istilahi na si maelezo tu. Ni fupi, halibadiliki kwa nafsi, na linazaa: tiketi ya mmojammoja, kiti cha mmojammoja, mlango wa mmojammoja. Linapata pia mwenzake wa kawaida, "foleni ya makundi", na istilahi zinazokuja kwa jozi hueleweka upesi kuliko inayosimama yenyewe. Kwenye mkutano wa mashabiki, fomu ya kujiandikisha inaweza kuwa na visanduku viwili tu, kundi na mmojammoja, na mwandaaji akajua papo hapo ni viti vingapi anavyoweza kuvipanga apendavyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: "ingieni mmojammoja" tayari lina maana yake. Kila aliyesoma shule ya msingi Jericho au Kaloleni ameambiwa hivyo na mwalimu mlangoni, na maana yake ni kufuatana, asiwepo wa kusukumana. Je, msomaji wa kibao hatadhani anaambiwa tu ajipange vizuri? Pingamizi hilo lina uzito, ila linasahau kwamba neno "foleni" limekwisha kubeba maana ya kufuatana. Anayeona "foleni ya mmojammoja" karibu na "foleni ya makundi" ataelewa kwamba kinachotofautishwa ni namna ya kuketi, kwa kuwa foleni zote mbili zinafuatana. Siku za mwanzo kibao kinaweza kuongezewa mstari mdogo chini: "Uko tayari kuketi popote? Pita hapa." Mstari huo unaeleza sharti lenyewe, wala haumbagui aliyekuja na wenzake.

Wapo watakaosema tukope tu, tuseme "singo", kwa kuwa Nairobi wote wanalielewa. Ni kweli wanalielewa, na hapo ndipo shida. "Niko singo" mitaani ni kusema huna mpenzi. Foleni ya masingo itawavuta watu wa nia nyingine kabisa, na mke aliyeamua kupanda mbele ya mumewe ataiepuka. Wengine watapendekeza "mjaza kiti", na ninakiri kwamba linataja kazi waziwazi. Ila kwenye steji kuna watu wanaolipwa kukaa ndani ya gari ili lionekane karibu kujaa, kisha hushuka abiria halisi wanapofika. Hao ndio wajaza viti wa Nairobi, na sioni sababu ya kumpa mteja aliyelipa nauli yake jina linalomfananisha nao.

Atauliza pia mwenye kuuliza: istilahi hii ni ya nini, ikiwa hakuna treni ya starehe Dandora wala Kayole? Mitambo ya kupandwa haikosekani Nairobi. Jengo la Two Rivers, lililofunguliwa 2017, lina gurudumu kubwa la kutazamia jiji, na maonyesho ya kila mwaka ya Jamhuri Park huleta mitambo ya watoto. Tena maelfu ya vijana wa Kenya wanafanya kazi za huduma katika nchi za Ghuba, ambako bustani za aina hii zimejengwa kwa kasi. Ferrari World ya Abu Dhabi ilifunguliwa 2010 ikiwa na treni ya Formula Rossa inayofika kilomita 240 kwa saa. Kijana wa Huruma aliyeajiriwa kupanga watu kwenye mlango wa mtambo wa namna hiyo ana haki ya kumweleza mama yake kazi yake kwa Kiswahili kisichoyumba. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na lugha rasmi haingoji kitu kijengwe kwao ndipo iwe na jina lake.

Limebaki jambo la mila, na hili nalichukulia kwa uzito kuliko la kamusi. Methali zetu hazimpendelei mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, mkono mmoja haulei mwana. Mwalikwa akifika peke yake kwenye sherehe huulizwa wengine wako wapi, na anayehudhuria mkutano wa mashabiki bila mwenzake hujiona ana kitu cha kueleza. Lakini methali hizo zinalaumu mmoja anayebaki mmoja, anayefanya kazi ya wengi bila kuungana nao. Abiria wa mmojammoja amefanya kinyume: amejitoa katika kundi lake, au amekuja bila kundi, ili akae na wengine. Hata jina la mtaa wa Umoja limeundwa kwa -moja ile ile anayoiita makanga. Shabiki anayeshuka Umoja Innercore kuja kuipokea nganya mpya bila rafiki anakuja kuongeza idadi, na mwandaaji mwenye akili atamhesabu kwanza, kwa kuwa ndiye rahisi kuliko wote kumpatia nafasi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoandika vibao, tiketi na fomu za mikutano, na kwa wahariri wanaotafsiri habari za bustani za burudani: acheni "pekee" na "mpweke". Andikeni "mmojammoja", na mliandike kwa namna ile ile kila mara, mpaka msomaji alizoee.