Kichocho, Sindano na Homa ya Ini

Katika jambo hili lugha yetu ya kila siku hutupotosha. Mtu akigeuka macho yakawa manjano, aghalabu husemwa ana homa ya manjano, ilhali homa ya manjano ni maradhi mengine kabisa, yaletwayo na mbu. Ninayoyasemea hapa ni homa ya ini. Aina zake mbili zikaazo mwilini miaka mingi, yaani B na C, hupita katika damu. Umanjano wa macho ni dalili tu, na wengi hawaioni hata hiyo. Mtu hulima, huoa, husomesha watoto, huku ini lake likiharibika polepole kwa miaka 20 au 30. Ndiyo maana mwalimu kijana akiniuliza aanzie wapi kulifundisha somo hili, humwambia aanze na jina.

Mkanganyiko huo wa majina una kioja chake katika historia. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilikuwa likiwachanja askari wake kuwakinga na homa ya manjano. Chanjo ile ilitengenezwa kwa kutiwa majimaji ya damu ya binadamu, na miongoni mwa waliotoa damu walikuwamo wenye virusi vya aina ya B. Askari wapatao 50,000 walilazwa hospitalini kwa homa ya ini. Mbu hakuhusika hata kidogo.

Hata hivyo, kisa kinachonishughulisha zaidi ni cha Misri.

Wamisri wameishi na kichocho tangu enzi za Mafarao; mayai ya minyoo yake yamekutwa ndani ya maiti zilizokaushwa za kale. Mnyoo wenyewe uligunduliwa mjini Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Mkulima wa bonde la Mto Naili husimama ndani ya mifereji ya maji, na mtoto huogelea humo humo, jambo ambalo watu wa kando ya Ziwa Victoria, Unguja na Pemba hawana haja ya kuelezwa. Hata Abdel Halim Hafez, mwimbaji ambaye sauti yake ilipendwa sana pwani yetu, aliupata ugonjwa huo utotoni. Ulimharibu ini, akafia London mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka 47.

Basi serikali ya Misri iliazimia kuutokomeza. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji walipangwa foleni wakachomwa sindano za mshipa zenye dawa ya madini ya antimoni. Sindano moja haikutosha. Mgonjwa alihitaji zaidi ya kumi, wiki baada ya wiki. Mabomba yalikuwa ya kioo, machache, na watu walikuwa wengi. Bomba lilichemshwa upesi upesi, pengine halikuchemshwa, likaenda kwa mkono wa mtu wa pili. Damu ya wa kwanza, hata tone lisiloonekana, ilikwenda nalo.

Wapo wasemao kwamba hakuna wa kulaumiwa, kwani virusi vya aina ya C havikutambuliwa mpaka mwaka 1989, wakati vidonge vilikwisha kuchukua nafasi ya sindano zile. Hoja hiyo nusu yake ni kweli. Jina la kirusi halikujulikana, lakini tangu miaka ya 1940 madaktari wa Uingereza walikwisha kuandika kwamba bomba lisilotakaswa vema huweza kuhamisha homa ya ini. Elimu ilikuwapo vitabuni, haikufika kijijini. Nami kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuandaa walimu, umbali huo kati ya kitabu na kijiji ndio unaonisumbua.

Uchunguzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kati ya Wamisri 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 59, wapatao 15 walikuwa na alama ya virusi hivyo katika damu. Kisha, kuanzia mwaka 2014, ilipatikana dawa ya vidonge yenye kuponya, ambayo Marekani tiba yake ya wiki 12 iliuzwa dola 84,000. Misri ilijadiliana bei mpaka ikaipata kwa dola 900. Lakini dawa humfaa nani asiyejijua kuwa anaumwa? Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 watu karibu milioni 50 walipimwa bure, na zaidi ya milioni 2 wakakutwa na alama hiyo. Matibabu nayo yalikuwa bure. Mwezi Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa ya kwanza kufikia daraja la dhahabu katika njia ya kuutokomeza ugonjwa huo.

Nadhani jambo moja liliwasaidia: mzee wa kijijini aliweza kujua kwamba maradhi yake yalitoka kwenye foleni ya zahanati. Kwetu mwenye homa ya ini bado hunong'onezwa kuwa amerogwa, au amezini.

Sisi adui wetu mkubwa ni aina ya B. Vidonge vyake huizuia tu, haviiondoi. Lakini ina chanjo. Kirusi chake kiligunduliwa na Baruch Blumberg katika miaka ya 1960, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Julai, ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani. Watoto wachanga wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa tangu mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, yaani mimi, wanangu, na walimu wote waliopita mikononi mwangu, hawakuwamo katika mpango huo.