Asili na malezi katika saikolojia

Mjadala wa asili na malezi ni mmojawapo kati ya mijadala mikongwe zaidi katika saikolojia. Unahusu swali hili: tabia, akili na vipaji vya mtu vinatokana kwa kiasi gani na urithi wa kibiolojia, na kwa kiasi gani na mazingira anamokulia?

Historia

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke (1632-1704) alifundisha kuwa akili ya mtoto ni kama karatasi tupu inayoandikwa na uzoefu. Francis Galton (1822-1911), binamu wa Charles Darwin, alishika upande wa pili. Mwaka 1869 alitoa kitabu kuhusu koo za watu mashuhuri wa Uingereza akahitimisha kuwa vipaji hurithiwa. Udhaifu wa hoja yake ni rahisi kuuona: mtoto wa jaji harithi damu tu, bali pia vitabu, walimu na marafiki wa baba yake.

Hata hivyo wengi waliikubali, na madhara yake hayakubaki vitabuni. Galton alianzisha yujeniki, yaani fikra ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae. Jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha mwaka 1907 sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu walioitwa punguani, na Ujerumani ya Hitler ilifuata njia hiyo mwaka 1933.

Mmarekani John B. Watson, mwanzilishi wa saikolojia ya mwenendo (bihevioristi), alijibu kwa kudai kuwa mtoto yeyote mwenye afya anaweza kufundishwa awe daktari, mwanasheria au hata mwizi, bila kujali ukoo wake. Mwenyewe alikiri kwamba anasema zaidi ya ushahidi alionao; wanaomnukuu mara nyingi husahau ungamo hilo.

Watoto wachanga wa Afrika Mashariki

Katika miaka ya 1950 Marcelle Geber, mtafiti kutoka Ufaransa, aliwapima watoto wachanga mjini Kampala, Uganda. Aliripoti kuwa walikuwa mbele ya watoto wa Ulaya katika kumudu viungo vyao, tena tangu siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Baadhi ya wasomaji walichukua habari hiyo kama uthibitisho wa tofauti za asili.

Charles Super alilichunguza jambo hilo upya kati ya Wakipsigis wa Kokwet, nchini Kenya, akachapisha matokeo mwaka 1976. Watoto wa huko waliwahi kukaa na kutembea, lakini hawakuwahi kutambaa wala kujigeuza. Kama sababu ingekuwa asili peke yake, wangetangulia katika yote. Alipotazama malezi, aliona kuwa mama huwazoeza watoto kukaa, kusimama dede na kupiga hatua, na lugha yao ina maneno maalumu kwa mafunzo hayo. Kutambaa hakuna aliyekufundisha.

Hali ya sasa

Leo wanasaikolojia wachache hushika upande mmoja tu. Utafiti wa mapacha umeonyesha kwamba urithi una nguvu, lakini nguvu hiyo hubadilika kufuatana na mazingira. Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walionyesha kuwa kati ya watoto wa Marekani wenye umri wa miaka 7, tofauti za alama za akili katika familia zenye uwezo zilielezwa zaidi na urithi. Katika familia maskini, urithi ulieleza kidogo sana. Mbegu bora katika shamba lisilo na maji haitofautiani sana na mbegu hafifu.

Wala kurithiwa si sawa na kutobadilika. Fenilketonuria ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha ubongo wa mtoto. Ukigunduliwa mara baada ya kuzaliwa, mtoto hupewa chakula maalumu chenye protini kidogo, naye hukua na akili timamu ingawa jeni zake ni zilezile.