Kutoka Unajisi hadi Ubakaji: Lawama katika Lugha ya Habari Nchini Kenya, 1991–2014

Makala haya yanadai kwamba kumlaumu aliyedhulumiwa kingono hakuanzii katika maoni ya mwandishi wa habari. Aghalabu huanzia katika msamiati na sarufi anayoirithi.

Tuchukue mkasa wa Julai 13, 1991. Usiku huo wavulana wa shule ya St. Kizito, Meru, waliwavamia wasichana wenzao katika bweni walimokimbilia. Wasichana 19 walikufa, na 71 wakaripotiwa kubakwa. Simulizi iliyoenea ilitanguliza jambo moja: wasichana walikataa kujiunga na mgomo. Jambo lenyewe si uongo. Mushkili ni nafasi yake. Likitangulizwa, ukataaji wao huwa sababu, na ukatili wa wavulana huwa tokeo tu. Naibu wa mwalimu mkuu alinukuliwa akisema kwamba wavulana hawakukusudia madhara, walitaka kubaka tu. Kauli hiyo ilishutumiwa vikali, lakini mantiki yake haikuwa ngeni.

Msamiati nao una historia. 'Kunajisi', neno lenye asili ya Kiarabu, ni kutia uchafu unaoharibu tohara. Doa humbakia aliyetendwa. 'Kubaka' ni kutwaa kwa nguvu, na humwelekeza msomaji kwa mtendaji. Hata baada ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, magazeti yetu yangali yanaandika 'unajisi' pindi mtoto anapodhulumiwa. Fauka ya hayo, kauli ya kutendwa, 'alibakwa', humruhusu mbakaji kutoweka katika sentensi.

Mitandao ya kijamii haikuleta mantiki mpya. Novemba 2014, video za wanawake wakivuliwa nguo hadharani zilisambaa, na tarehe 17 wanawake wakaandamana Nairobi wakidai kwamba vazi ni hiari ya mvaaji. Wapinzani wao walijibu kwa kujadili urefu wa sketi. Kwa mara nyingine, aliyetendwa ndiye aliyechunguzwa. Bunge lilijibu vingine: mwaka huohuo lilipitisha kifungo kisichopungua miaka 10 kwa anayemvua mwingine nguo kwa nguvu. Hapo mtenda ndiye kiima.

Sheria, basi, imeitangulia lugha ya habari. Sisi tunaofundisha kauli za vitenzi hatuna udhuru: swali la nani alitenda ni la sarufi, na pia ni la haki.