Diski ya UKIMWI, 1989 (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo nawapa stori ya kirusi cha kompyuta, kile kinachofunga mafaili yako halafu kinadai hela. Tunadhani ni mambo ya juzi. Wapi! Kilianzia huku kwetu kwenye afya.

Desemba 1989 diski kama 20,000 zilitumwa kwa posta nchi mbalimbali, hata kwa waliohudhuria mkutano wa UKIMWI wa WHO. Ndani kuna maswali ya kupima hatari yako ya kuambukizwa. Enzi zile nani asingefungua? Mwanzoni kimya. Kompyuta ikishawashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yanavurugwa, unaambiwa utume dola 189 sanduku la posta Panama.

Aliyeshtakiwa Uingereza ni Dkt. Joseph Popp, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi hapo Kenya tu. Jaji akaona hana akili timamu ya kusimama kizimbani.

Kinachoniuma ni hiki: taasisi moja ya Italia ilifuta data kwa hofu, ikapoteza kazi ya miaka 10. Na mafaili yalikuwa mazima! Jim Bates, Mwingereza, alitengeneza programu ya kuyarudisha.

Vya sasa ni vikali, ufunguo anabaki nao mwizi. Vinaingia kwa kiambatisho cha barua pepe au programu za wizi. Kikiingia, kata intaneti, chomoa flashi, usilipe. Fundi atakisafisha, lakini mafaili yatabaki yamefungwa kama huna nakala pembeni. Mimi picha za mwanangu tangu leba ziko kwenye diski ya nje, kabatini hapa Mbweni, chini ya vitenge.